Aiptasia kwenye tanki la matumbawe: usimkwangue, muue palepale alipo

Ukiona kwenye jiwe kuna kitu kama kamnazi kadogo ka kahawia, shina jembamba linalopitisha mwanga na juu yake minyiri mirefu iliyochongoka inayocheza na maji, usifurahi ukadhani umepata kiumbe cha bure. Huyo ni Aiptasia, anemoni (kiumbe laini wa baharini, jamaa wa matumbawe) msumbufu kuliko wote kwenye matanki ya maji chumvi. Anakuja kajificha kwenye mawe hai (mawe ya baharini yenye viumbe ndani yake) au chini ya kipande cha tumbawe ulichonunua, akishakua anachoma matumbawe ya jirani mpaka yanajikunja na kurudi nyuma, na nafasi ikibaki wazi anaichukua yeye.

Kwanza kabisa naomba sana usimkwangue. Mi nilikuwa na watatu tu, nikachukua kisu nikawakwangua nikajua nimemaliza, baada ya wiki kadhaa nikahesabu zaidi ya ishirini kwenye jiwe lile lile na wengine wameshahamia kwenye kioo cha nyuma. Sababu ni kwamba nyama ya pale chini anaposhikilia jiwe, hata ikibaki chembe ndogo tu, inaota anemoni mzima. Na kumnyima chakula hakusaidii kivile, maana ndani ya mwili wake ana mwani mdogo mno unaomtengenezea chakula kwa kutumia mwanga, ila ukilisha tanki kupita kiasi ndo unamnenepesha na anazaana haraka zaidi.

Kama ni wachache, yaani unaweza kuwahesabu, tumia chokaa, ile kalsiamu haidroksaidi safi ya matumizi ya akwariamu, siyo ya ujenzi. Vaa glavu na miwani kwanza, hii kitu inaunguza ngozi na jicho vibaya. Koroga na maji kidogo ya RO (yaliyochujwa kwa mashine mpaka yakawa safi) mpaka iwe nzito kama dawa ya meno lakini bado inapita kwenye sirinji yenye sindano butu. Zima pampu zote, ya kurudisha maji na za mawimbi, subiri maji yatulie kabisa. Halafu shusha sindano taratibu, na hapa ndo watu wengi wanaharibu, ukimgusa tu anajivuta ndani ya tundu kwa sekunde moja na ukiendelea kumchokoza anatoa nyuzi nyeupe nyembamba zinazochoma, kwa hiyo hapo umeshamkosa, mwache urudi baadae. Ukifika juu ya mdomo wake bila kumgusa mmwagie kidogo kidogo, utaona minyiri inakunja ujiuji ule kuelekea katikati kama amepata chakula, kisha anajifunga, endelea kumfunika mpaka tundu lote lizibe. Subiri kama dakika kumi na tano, nyonya mabaki kwa mpira mwembamba, ndo uwashe pampu.

Usiwapige wote siku moja. Chokaa inapandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji), na kwenye tanki dogo watatu mpaka watano kwa siku wanatosha, uvumilivu wako ndo usalama wa samaki wako. Aliye karibu kabisa na tumbawe unalolipenda usimmwagie, ikidondokea tumbawe nalo litaungua, kama jiwe linatoka litoe ufanyie kazi nje kwenye ndoo ya maji ya tanki. Kuna wanaomchoma sindano ya maji ya limau, inaua ukimpata barabara mwilini, ila mi naona ni rahisi kumkosa. Na tafadhali usichemshe mawe jikoni kisa umekasirika, kama jiwe lina zoanthidi (jamaa wa matumbawe wanaoota kwa vikundi kama maua) mvuke wake unaweza kuwa na palitoksini, sumu kali ambayo imeshawapeleka watu hospitali familia nzima.

Wakishakuwa wengi mpaka kwenye mianya usikofikia, hapo sindano peke yake haitoshi, tafuta wa kuwala. Ninayemwamini zaidi ni Berghia, koa mdogo wa baharini wa sentimita mbili hivi, yeye chakula chake ni Aiptasia tu basi, matumbawe hagusi. Anatembea usiku, kwa hiyo mweke taa zikiwa zimezimwa, tena karibu kabisa na anemoni, na weka kadhaa siyo mmoja. Ukiona utepe mweupe wa mayai umejizungusha kwenye kioo jua mambo yanaenda. Ila kama una samaki aina ya rasi (wrasse) au kaa watamla, na Aiptasia wakiisha naye atakufa njaa, mtafutie mwenzio mwenye shida hiyo umpe.

Kamba wa pepaminti naye anakula, hasa wale wadogo, lakini siyo kila mmoja anafanya kazi na usimchanganye na Berghia maana atamgeuza kitoweo. Angalia vizuri unaponunua, kuna kamba mwingine mwenye kinundu mgongoni na mistari myeupe, anafanana naye sana, huyo anakula matumbawe. Samaki kipepeo wa mistari ya shaba, Chelmon rostratus, wengine wanasafisha tanki zima, ila ni mgumu kumlisha na anahitaji tanki kubwa, usimnunue kwa ajili ya kazi hii tu.

Ukiona mfupi, mnene, minyiri ina ncha za mviringo na mara nyingi ana ukijani, huyo siyo Aiptasia ni majano, anemoni mwingine msumbufu. Berghia hamli, kwake ni chokaa au kuvunja kale kasehemu ka jiwe alikoshika.

Tumbawe jipya likija likague chini na pembeni, dawa ya kuchovya haiaminiki kumuua Aiptasia, kwa hiyo tumbawe lihamishie kwenye kishikizo kipya (kile kitako kidogo linapogandishwa) na kile cha zamani kitupe. Na usisahau sampu (tanki la chini la kuchujia maji) na boksi la kufurikia (linalopokea maji yanayomwagika kutoka tanki kuu), gizani anapauka anakuwa karibu mweupe lakini yuko hai, mulika na tochi huko kila mwezi.