Jinsi ya Kuomba Kusoma Majalada ya Mahujaji wa Enzi ya Ukoloni

Amua kwanza hujaji unayemtafuta alitawaliwa na dola ipi, kwa sababu karatasi zilimfuata mtawala, hazikumfuata msafiri. Majalada mengi ya Waislamu wa India ya Kiingereza yako London, ya Waindonesia waliotawaliwa na Uholanzi yako The Hague, na ya Waaljeria yako Aix-en-Provence. Kabla ya kukata tikiti ya ndege, pekua Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, ambako majalada mengi ya Kiingereza kuhusu Ghuba na Hijazi, eneo la Makka na Madina, husomwa bure.

Kitambulisho cha msomaji huombwa kwa pasipoti pamoja na uthibitisho wa makazi. Hatua hiyo ilinila siku mbili, katika hifadhi ya nyaraka ambayo sitaitaja: barua yangu ya benki ilikuwa na S.L.P., kama zilivyo barua zetu zote, na karani akanieleza kwa adabu kamili kwamba mtu haishi ndani ya sanduku. Beba barua inayotaja mtaa na nambari ya nyumba.

Kutafuta katika faharasa ndiko kugumu zaidi. Asubuhi nzima niliandika “hija” na “Uislamu” kwa lugha zao, nikaambulia vijikaratasi. Kosa lilikuwa langu, kwani wakoloni hawakumweka hujaji kwenye kabati la dini. Baada ya kipindupindu kilichozuka Makka mwaka 1865 na kufika Ulaya, mkutano wa kimataifa wa afya ulifanyika Istanbul mwaka 1866, na tangu hapo hujaji aliandikwa kwanza kama mbeba maradhi, kisha kama abiria, kisha kama mtu wa kuchunguzwa. Kwa hiyo tafuta kipindupindu, karantini, Kamaran (kisiwa cha Bahari ya Shamu walikowekwa mahujaji karantini), meli, pasipoti na ubalozi mdogo wa Jeddah, ukikumbuka kuwa mji huo huo huandikwa pia Djeddah. Tafuta hata Thomas Cook, kampuni ya usafiri iliyokabidhiwa na serikali ya India shughuli ya kuwasafirisha mahujaji mwaka 1886.

Kwa upande wa Uholanzi, anza na kanuni za mwaka 1859, zilizomtaka msafiri athibitishe kuwa ana nauli na matumizi ya familia anayoiacha, na aliporudi ahojiwe ili ijulikane kama kweli alifika Makka, ndipo aruhusiwe kuitwa haji. Nilipozisoma, nilimsamehe karani wangu.

Agiza majalada siku kadhaa kabla, kwa nambari kamili, na uje na penseli, kwani kalamu ya wino itabaki mlangoni.

Ikiwa unamtafuta babu yako kwa jina, usipoteze muda kwenye ripoti za karantini, ambazo huhesabu vichwa tu. Omba majalada ya ubalozi mdogo yanayohusu mali za mahujaji waliofia safarini, maana fedha za marehemu hazikuweza kugawanywa bila kutajwa mwenyewe.