Jinsi ya kupima maana ya jina la Kisanskriti: mfano wa Aarav

Anza na Devanagari, mwandiko unaotumika kwa Kisanskriti (lugha ya kale ya India) na Kihindi, si herufi za Kilatini. Aarav, jina la mvulana, ni आरव: irabu ya kwanza ni ndefu, na "a" ya mwisho, inayotamkwa katika Kisanskriti (ārava), humezwa katika Kihindi.

Kisha tenganisha vipande. Rava ni sauti au ngurumo, kutoka mzizi ru, "kunguruma". Hapa ndipo wengi huteleza: orodha nyingi za majina husema Aarav ni "mtulivu". Lakini kiambishi cha kukanusha ni a- fupi (an- mbele ya irabu), kwa hiyo arava ndiyo ingekuwa "bila sauti". Ā- ndefu haikanushi. Ukifungua kamusi ya Kisanskriti na Kiingereza ya Monier-Williams ya 1899, ārava ni kelele, mlio, hata kilio. Kwa kitoto kichanga, jina limepata mwenyewe!

Ukifuata desturi, Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inataja siku ya 10 au ya 12 kwa namakarana, yaani kumpa mtoto jina. Kanuni za Paraskara, kitabu cha kale cha ibada za nyumbani, humtakia mvulana silabi shufwa, mbili au nne, na msichana witiri. Ā-ra-va ni tatu, kwa hiyo halifuati kanuni hiyo kwa mvulana.