Jinsi ya kufuatilia habari za mikutano ya nchi za Kiarabu bila kuchanganyikiwa

Kwanza cheki nani kaitisha mkutano, maana hapa ndo wengi wanapotea. Jumuiya ya Nchi za Kiarabu ilianza Cairo 1945, ina nchi 22, hadi Somalia, Djibouti na Komoro zimo. Baraza la Ghuba ni nchi sita tu toka 1981: Saudia, Falme za Kiarabu, Kuwait, Qatar, Bahrain na Oman.

Ukiona "wamekubaliana" usikimbilie kushangilia, coz azimio la Jumuiya linambana yule aliyelikubali tu, kwa hiyo tafuta nani kapiga kura ya ndio.

Halafu, na hii kwangu ndo muhimu kuliko zote, angalia mpaka na anga sio hotuba. Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilikata uhusiano na Qatar, mpaka wake pekee wa nchi kavu ukafungwa, chakula ikabidi kije kwa ndege na meli kutoka Uturuki na Iran, na familia zenye ndugu pande zote mbili ziliumia sana jamani. Januari 2021 wakapatana Al-Ula, mji wa Saudia, barabara ikafunguliwa.

Mwisho usiwasahau wapatanishi wa kimyakimya. Saudia na Iran walitangaza kurudiana wakiwa Beijing Machi 2023, ila kabla ya hapo Iraq na Oman ndo waliwakalisha mezani, so ukisikia wajumbe wametua Muscat au Baghdad fuatilia kwa makini.