Kumpeleka Mama Kwenye Theluji: Kisumu Hadi Minneapolis Mwezi wa Desemba

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu. Mambo ya ndege sikuyasomea popote. Ila nimejaribu mara mbili kumsafirisha mama yangu kwenda kula Krismasi kwa kaka yangu Minneapolis, Marekani. Mara ya kwanza tuliharibu, mara ya pili ikaenda sawa, na tangu hapo wateja wenye watoto ng'ambo wanaingia dukani na gauni la kupunguzwa mkononi, kumbe maswali yao yote ni ya tiketi. Nimechoka kurudia, basi someni hapa.

Mama ana miaka 71, ni mkulima wa Seme, mashambani huku Kisumu. Anaongea Kijaluo na Kiswahili cha sokoni. Kiingereza chake ni "thank you" na basi. Kama mama yako ni mwalimu mstaafu aliyezoea kusafiri, kuna mengine hapa utayaruka.

Kipande kifupi ndicho kilichotuangusha

Watu huogopa ile safari ya kuvuka bahari. Mimi naogopa Kisumu hadi Nairobi, ambayo kwa ndege haifiki saa nzima.

Mwaka ule wa kwanza tulikuwa na tiketi mbili. Kaka alinunua ya Nairobi hadi Marekani kupitia Ulaya, mimi nikanunua ya Kisumu hadi Nairobi kwa simu, ya bei ya chini, ya jioni ile ile. Saa kumi na moja wingu likasimama juu ya ziwa, jeusi kama sufuria ya kuni. Ndege iliyokuwa ije kutuchukua tuliisikia ikizunguka juu, hatukuiona, halafu sauti ikapotea. Ilikuwa imerudi Nairobi. Mama alikuwa ameketi na koti mapajani, ananiuliza kama hiyo ndiyo yetu.

Wale wa ndege kubwa wakasema abiria hakutokea. Hiyo nyingine ni tiketi tofauti, haiwahusu. Kwa kanuni zao hawakukosea, na ndiyo maana iliuma zaidi. Krismasi tuliila Seme.

Kwa hiyo, nunua tiketi moja kuanzia Kisumu hadi mwisho wa safari, yenye nambari moja ya buking, zile herufi na tarakimu sita. Hapo kipande kimoja kikikatika, ni kazi yao kumtafutia mama nafasi kwenye ndege nyingine. Ukishindwa kupata tiketi ya namna hiyo, mpeleke Nairobi siku moja kabla, alale kwa ndugu. Na mkifika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kwa gari, mwambie mapema kwamba huenda abiria wakashushwa pale langoni wakakaguliwa kwa miguu huku dereva akipita na gari, la sivyo atadhani amekamatwa.

Chagua pia ndege ya asubuhi. Mchana nchi kavu inapata joto, unyevu wa ziwa unapanda, mawingu yanajijenga, na jioni ndipo radi zinapoanza. Asubuhi anga la Kisumu mara nyingi huwa jeupe. Mvuvi yeyote wa Dunga atakueleza hayo bila kuangalia simu.

Jambo moja linatusaidia sisi wa huku: Desemba tunapishana na umati. Kati ya tarehe 20 na 24 Nairobi inamwagika kuja magharibi, nauli za kuja Kisumu zinapaa, lakini ndege na matatu zinazorudi Nairobi zina nafasi. Januari wote wanageuka, na mama naye anageuka kinyume chao. Kipande cha ng'ambo ndicho hakina huruma. Mara ya pili tulinunua Agosti, safari ikawa tarehe 12 Desemba, kabla watu hawajaanza kukimbizana.

Tulichagua ile ya Kenya Airways ya moja kwa moja hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018. Ni saa kama 15 angani, ndefu kweli, lakini inaondoa kiwanja kimoja cha kupotelea. Ulaya nako theluji hufunga viwanja. Tarehe 18 Desemba 2010 Heathrow yenyewe ilifungwa, watu wakalala sakafuni. New York pia huanguka theluji, sikatai. Nilikuwa napunguza milango tu.

Kiti cha magurudumu

Kama ungekuwa na dakika moja tu dukani kwangu, ningekuambia hili. Omba kiti cha magurudumu.

Mama anatembea kunishinda mimi. Lakini kiti kile kinakuja na mtu. Mtu huyo anajua njia, anajua lifti iko wapi, anajua lango limehamishwa, na anamfikisha mama hadi mlangoni mwa ndege. Upande wa pili anakuta mwingine anamngoja. Hulipii. Unaomba wakati wa kununua tiketi, au angalau saa 48 kabla ya safari, kisha unapiga simu kuhakikisha kwamba imeandikwa. Wao hutumia herufi. WCHR ni ya mtu anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi mwendo mrefu.

Mama alikataa. "Watu watasema nimelemaa."

"Watu gani, mama?"

"Wa Seme."

Nikamwambia Seme haitakuwepo New York. Alicheka, akakubali, lakini pale Kisumu alivuta leso usoni mpaka tukapita sehemu ya kukaguliwa. Na sikudanganya mtu, goti lake la kushoto lina historia ndefu.

Marekani wanaosukuma viti huzoea kupewa kitu. Mwekee noti ndogo za dola mahali anapozifikia.

Mfuko na kadi

Hapa ndipo ninapojisifu kidogo, maana ni kazi yangu.

Mara ya kwanza nilimshonea mfuko wa siri ndani ya shimizi. Pasipoti ikaingia vizuri, nikafurahi. Tulipofanya mazoezi nyumbani, nikajifanya ofisa, nikamwambia "pasipoti", naye akainama akaanza kupandisha gauni. Mazoezi yakaishia hapo.

Sasa nashona mfuko wa kitenge cha tabaka mbili, sentimita 20 kwa 15, zipu juu, na utepe wa shingoni uliopimwa kwa mwenyewe ili mfuko utulie juu kidogo ya kitovu. Mkubwa kuliko hapo unakuwa kapu. Ndani kuna pasipoti, tiketi iliyochapishwa na kadi tatu. Dola ndizo zinazobaki kwenye shimizi. Kwenye mashine ya ukaguzi mfuko lazima uvuliwe, basi mfundishe hivi: unaingia kwenye trei mwisho kabisa, na ndio wa kwanza kushikwa upande wa pili. Tulifanya hivyo kwa sinia la jikoni mara nne.

Kadi nilikata kwenye boksi, nikaandika kwa Kiingereza kwa herufi kubwa, nikazifunga kwa selotepu. Ya kwanza inasema anakwenda wapi, anaongea lugha gani, na simu ya kaka. Ya pili ni ya mhudumu wa ndege: maji, choo, naumwa, kila neno na kapicha kake, mama anaonyesha kwa kidole. Ya tatu ni ya ofisa wa uhamiaji: namtembelea mwanangu, anuani hii, narudi tarehe hii. Usiandike hadithi. Mistari mitatu inatosha.

Hakikisha jina la kwenye tiketi linafanana na la pasipoti herufi kwa herufi. Mama zetu wana jina la ubatizo, la kuzaliwa na la mume, na kila karatasi imeyapanga kivyake.

Mizigo

Mama alitaka kubeba aliya, ile nyama aliyoianika mwenyewe juani. Nikakataa, akanuna siku mbili. Nyama kutoka huku Marekani hawaruhusu, wala maembe, na wana mbwa wadogo wa kunusa mabegi. Omena, yaani dagaa, wakavu wa kula nyumbani walipita, lakini kwa sababu tulitangaza. Hiyo ndiyo siri ya kule: kila chakula kitangaze. Kilichokatazwa wanakichukua tu. Kilichofichwa kina faini.

Unga wa wimbi weka kwenye begi kubwa. Kwenye ndege za kwenda Marekani, unga unaozidi mililita 350 kwenye begi la mkononi unaleta maswali. Asali nayo begi kubwa, maana cha majimaji mkononi kisizidi mililita 100. Pawabanki ni kinyume, haiingii begi kubwa hata kidogo. Dawa za presha ziwe mkononi, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari. Na mifuko ya plastiki sahau, imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Funga omena kwa gazeti na kitambaa, halafu mkebe.

Begi likishapimwa, soma kile kikaratasi wanachofunga kwenye mpini. Kisumu ni KIS, Nairobi NBO, New York JFK, Minneapolis MSP. Kama kimeandikwa NBO peke yake, uliza hapo hapo, kabla halijapita lile pazia la mpira.

Koti msinunue dukani. Nendeni soko la Kibuye Jumapili asubuhi. Makoti mazito ya baridi yamo kwenye mitumba, na hapa Kisumu, jua hili, nani atayagombania? Nililipata moja la manyoya ndani kwa shilingi 800, nikabadilisha zipu, nikapunguza mikono. Kibandiko cha ndani kilionyesha lilitoka huko huko Marekani. Mama akasema basi linajua njia. Alivae au alibebe mkononi, lisiingie begini, kwa sababu Minneapolis mwezi huo ni chini ya sifuri na mlango ukifunguka hakuna muda wa kufungua mabegi.

Ndani ya ndege

Hakuna anayewaeleza wazee habari za choo. Mlango unakunjwa katikati, taa inawaka ukifunga komeo, na ukibonyeza kitufe choo kinanguruma kama kitakumeza. Mama anajua mwanamke mmoja wa kanisani kwao aliyejizuia mpaka Dubai. Mweleze, hata ukiona haya.

Viatu viwe vilegevu, miguu huvimba. Ainuke kila baada ya saa mbili atembee kijia, maana damu ikikaa miguuni saa 15 inaweza kuganda. Peremende za kumumunya ndege ikipanda na ikishuka, masikio yafunguke. Mkanda tulifanyia mazoezi kwenye tuktuk ya jirani iliyofungwa mkanda wa gari kuukuu. Ya ndege hufunguliwa kwa kuinua kile kibati, si kubonyeza, na hilo nililikosea mimi mwenyewe.

New York

Hapa wengi hupoteza mabegi. Hata kama kikaratasi kimeandikwa MSP, mahali pa kwanza unapoingia Marekani lazima uchukue begi lako mwenyewe, upite nalo forodhani, ndipo ulirudishe kwa wahudumu liendelee. Mwambie mama, na uiandike kwenye kadi ya kwanza ili anayesukuma kiti aione. Acha saa nne au zaidi kati ya ndege na ndege.

Uhamiaji wanachukua alama za vidole. Vidole vya mama vimesuguliwa na jembe miaka hamsini, mashine ikavikataa mara mbili. Losheni kidogo saa moja kabla inasaidia.

Ofisa ndiye anayeamua siku za kukaa. Tarehe ya mwisho kwenye viza si ruhusa ya kukaa mpaka siku hiyo, na kuna familia zimeharibikiwa viza kwa kuchanganya haya mawili. Kaka aingie kwenye tovuti ya serikali yao, atafute rekodi inayoitwa I-94, yenye tarehe ya mwisho ya kukaa, aandike tarehe hiyo ukutani.

Tofauti ya saa majira hayo ni tisa. Saa tatu usiku Kisumu, kwao ni saa sita mchana, basi ndio wakati wetu wa kupiga simu. Siku ya kwanza Mama alipiga usiku wa manane wetu, amefadhaika, akisema jua limezama na hata saa kumi na moja jioni haijafika, je, kuna kitu kimetokea? Nikamwambia ndivyo Desemba yao ilivyo. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama ng'ombe amekamuliwa.

Alirudi katikati ya Januari, mabegi mawili, goti zima. Koti liko nyuma ya mlango wa duka langu. Jirani ameshaliomba kwa ajili ya mama yake anayeondoka Desemba hii, na huyo ni mnene kidogo, kwa hiyo wiki hii nafumua mikono niliyoipunguza.