Kiangazi Mlima Kenya: Hesabu Siku Kabla ya Kupima Begi

Watu wanaojiandaa kuupanda Mlima Kenya huniuliza kwanza kuhusu viatu. Nami huwauliza: una siku ngapi? Wengi wameomba ruhusa kazini Alhamisi na Ijumaa, wakaunganisha na wikendi, na katika siku hizo nne wanataka kuingia kwa lango la Sirimon, kufika kilele cha Lenana, kuteremkia upande wa Chogoria na Jumatatu asubuhi wawe ofisini Nairobi. Inawezekana. Nimewahi kuifanya hivyo, na ndiyo sababu siipendekezi.

Chukua kalamu upige hesabu. Mji wa Nanyuki uko karibu mita 1,950. Kambi ya Old Moses, ambako watu wengi hulala usiku wa kwanza mlimani, iko mita 3,300. Kambi ya Shipton's iko mita 4,200, na kilele cha Lenana mita 4,985. Madaktari wa mambo ya milima hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiku wa leo usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900 kwa siku moja. Njia yenyewe imekupangia kosa, na wewe ndiwe wa kulirekebisha kabla hujaondoka nyumbani.

Mpango ninaoupenda ni huu: lala Nanyuki mara moja, Old Moses mara mbili, Shipton's mara mbili, kisha mara moja upande wa Chogoria. Siku ya ziada pale Old Moses si ya kulala hemani. Unapanda taratibu hadi kama mita 3,800, unakunywa chai ya chupa ukiwa umekaa kwenye nyasi, unarudi kulala chini. Mwili huzoea hewa nyepesi kwa kwenda juu na kurudi. Pale Lenana kila pumzi hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Mombasa, na hakuna mazoezi ya gym yanayobadilisha hilo. Nimeona kijana anayekimbia marathoni akitapika huku mama wa miaka hamsini na kitu akimpita kwa mwendo wa kwenda sokoni.

Mara yangu ya kwanza, pale Shipton's, nilikaa kwenye jiwe nikashindwa kufunga kamba za viatu. Vidole havikuwa vimekufa ganzi. Ni akili iliyokuwa imechelewa kufika. Mwongozaji wetu aliniambia nitembee mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa ncha ya mwingine, kama askari anavyompima mlevi. Nilifaulu kwa shida. Ningeyumba, tungeteremka usiku uleule. Jifunze kipimo hicho na ukubaliane na wenzako mapema: kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula na kichefuchefu ni dalili za kusimama ulipo, usiongeze hata mita moja. Kuyumba, kuchanganyikiwa, kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, au kikohozi chenye povu, hizo ni dalili za kushuka sasa hivi, giza au mvua. Kusubiri kuche ndiko kunakoua. Kuna dawa ya kuzuia ugonjwa huu wa mwinuko, asetazolamidi, ambayo wengi hutumia miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, lakini muone daktari kwanza, hasa kama dawa za salfa hukudhuru. Na dawa hiyo haichukui nafasi ya siku uliyoikata.

Baada ya siku, majira. Kiangazi cha Januari na Februari ndicho bora zaidi. Kuanzia Julai hadi Septemba pia pana ukavu, ingawa mawingu huwa mengi. Epuka masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ila neno kiangazi lisikudanganye. Mlima huu una ratiba yake ya kila siku: asubuhi anga ni safi, kufikia saa sita mawingu yamepanda kutoka bondeni, na alasiri unaweza kupigwa na mvua au mvua ya mawe hata mwezi wa Februari. Kwa hiyo ondoka kambini saa moja asubuhi, na saa nane uwe umeshasimamisha hema. Usiku maji yaliyotuama katikati ya majani ya lobelia huganda. Asubuhi ukigonga kwa ukucha unasikia mlio wa kioo.

Sasa tuje kwenye nguo, na hapa huhitaji kufilisika. Koti zuri la mvua, sweta ya sufu na suruali nyepesi zinazokauka haraka zimejaa kwenye mitumba ya Gikomba na Toi. Kwa koti, usiamini lebo. Livae, ingia bafuni, simama chini ya maji dakika tano. Maji yakipenya kwenye mishono ya mabega, huyo si mwenzako wa Mackinder Valley, bonde la kupandia Shipton's. Suruali ya jinsi iache nyumbani, pamoja na fulana za pamba. Pamba ikilowa hukaa na maji na kukunyonya joto. Weka seti moja ya nguo kavu ambayo haivaliwi kamwe mchana, hata ukishawishika vipi. Ni ya kulalia tu, pamoja na soksi nene na boshori. Glovu beba jozi mbili, kwa sababu moja italowa.

Begi lenyewe halizuii maji, hata likiwa na kifuniko chake. Vitu vyote viingie kwanza kwenye mfuko mmoja mkubwa wa mpira unaokunjwa mdomo, ndipo uuingize begini, la sivyo mfuko wa kulalia utaufikisha kambini ukiwa kama sifongo. Chagua mfuko wa kulalia wa kuhimili baridi ya chini ya sifuri, na usisahau godoro jembamba la kutandika chini, maana baridi nyingi hutoka ardhini. Simu na betri za tochi ya kichwani zilale nawe ndani ya mfuko, baridi huzimaliza.

Viatu visiwe vipya. Vivae mwezi mzima, ukimaliza na matembezi mawili ya milima ya Ngong ukiwa umebeba begi lilelile, lenye uzito uleule. Malengelenge yatokee Ngong, ambako matatu iko karibu.

Jikoni kuna mambo ambayo mpishi mzuri wa nyumbani hayatarajii. Pale Shipton's maji huchemka kwenye nyuzi joto 86 hivi. Yanatokota, mvuke unapanda, lakini maharagwe yatakaa jikoni mpaka gesi iishe na bado yatakuwa mawe. Githeri ukiitaka, iive kabisa nyumbani. Wali unaiva kwa kusuasua. Vinavyofaa ni tambi, uji wa wimbi, chapati za siku mbili za kwanza, njugu karanga, na supu yenye chumvi jioni, maana hamu ya kula hupotea na supu hupita hata koo likikataa. Maji ya kunywa ya vijito yachemshe dakika tatu au uyapitishe kwenye kichujio. Chakula kisiachwe nje ya hema: pale Shipton's pimbi wamezoea watu kiasi cha kukukagulia mfuko huku wakikutazama machoni.

Chupa za maji za plastiki za kutupa huwezi kuingia nazo. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu ya hifadhi, na vikombe, sahani na vijiko vya aina hiyo vimo. Nunua chupa mbili za kudumu. Takataka zako, zikiwemo karatasi za chooni, zinarudi nawe. Usiwashe moto, nyasi za juu kiangazi ni kama petroli.

Malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Langoni hawapokei pesa taslimu, kwa hiyo maliza shughuli hiyo ukiwa mjini penye mtandao. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hairuhusu mtu kupanda peke yake, basi tafuta mwongozaji, na mkiongea naye kwa simu mara ya kwanza, muulize swali moja: mtu akiugua saa sita usiku, tunafanyaje? Anayejibu bila kufikiria, akitaja njia ya kushukia na nani atabaki na kundi, huyo ndiye. Anayekwambia “hakuna shida, utafika tu” mshukuru, ukate simu. Wapagazi wape mzigo wa haki na uangalie kama wana viatu na koti. Kama hawana, hiyo ni hoja ya kumrudia mwongozaji kabla ya siku ya safari.

Andika kwenye karatasi njia yenu, kambi za kila usiku, namba ya mwongozaji na saa ambayo mkiwa kimya watu waanze kuulizia. Mwachie mtu asiyesahau. Mlimani mtandao huja na kupotea, na familia iliyozoea kupigiwa kila jioni itapata presha bure.

La mwisho ni gari. Upande wa Chogoria, baada ya Ziwa Michaelson na yale magenge ya Gorges Valley, unashuka hadi langoni kwenye mita 2,950 hivi, ukidhani safari imekwisha. Kutoka hapo hadi mji wa Chogoria bado kuna zaidi ya kilomita 20 za barabara ya msituni, kwenye tembo na nyati, na mvua ikinyesha gari dogo halipiti. Dereva wa Land Rover mpigie ukiwa bado Nanyuki, mkubaliane bei na siku, kisha umpe na siku ya pili, endapo mtachelewa.