Namna ya Kukamata Makosa ya Filamu na Kuyatetea Mbele ya Wabishi

Anayetaka kudai kwamba filamu imekosea anapaswa kuwa na mambo mawili kabla hajafungua mdomo: dakika ambayo kosa linaonekana, na kitu ambacho kosa hilo linapingana nacho. Asipotaja dakika, wenzake hawana pa kuangalia. Asipotaja kinachopingwa, anasimulia mshangao wake tu. Nimeketi katika vibanda umiza, yaani vibanda vya kuonyeshea filamu, vya Mwanjelwa hapa Mbeya tangu enzi za mikanda ya VHS hadi hizi za flashi, na mabishano mengi niliyoyasikia humo yalikwenda kwa mwenye sauti kubwa, huku mwenye ushahidi amekaa kimya pembeni.

Makosa yenyewe ni ya aina mbili, na kila aina huthibitishwa kwa njia yake. Kosa la mwendelezo ni pale filamu inapojipinga yenyewe: glasi iliyokuwa nusu inaonekana imejaa bila mtu kuimiminia, au jeraha linahama kutoka shavu moja kwenda jingine. Ushahidi wake wote umo ndani ya filamu, na mtoto wa darasa la 4 anaweza kuuona. Kosa la ukweli ni pale filamu inapopingana na kalenda, ramani, historia au maumbile, na hapo ushahidi uko nje ya filamu, kwa hiyo ni lazima uutafute kabla ya kubisha.

Ili uyaone makosa ya mwendelezo, ni vizuri ujue yanatoka wapi. Mazungumzo ya dakika 2 huweza kupigwa picha siku nzima: kwanza kamera inamwelekea mmoja, kisha taa zinahamishwa na kamera inamgeukia mwenzake, na kila upande unarudiwa mara nyingi. Mhariri akikaa kuunganisha, anachagua kipande ambacho mwigizaji amelia vizuri zaidi, hata kama katika kipande hicho kikombe kimehamia mkono wa pili. Filamu zenye fedha huwa na mtu ambaye kazi yake ni kuandika na kupiga picha kila kitu kilivyokaa, ili kirudishwe palepale. Katika filamu zetu nyingi mtu huyo hayupo, au yupo lakini ndiye pia anayekwenda kutafuta chakula cha mchana.

Kwa hiyo usitafute makosa unapoitazama filamu mara ya kwanza. Mara ya kwanza ni ya kufurahi. Mara ya pili ondoa sauti, kisha acha kumtazama anayezungumza, kwa sababu macho yetu hufuata uso wa msemaji na mhariri anajua hivyo. Chagua kitu kimoja chenye tabia ya kubadilika chenyewe, kama mshumaa, sigara, chai, nguo iliyoloana, saa ya ukutani au kivuli, ukifuate kutoka mkato hadi mkato, yaani kila pale picha moja inapokatwa na nyingine kuanza. Ukijaribu kufuata vitu vitano kwa pamoja hutaona hata kimoja.

Tuseme binti anaingia sebuleni akitoka mvuani. Ukanda wa mkoba uko bega la kushoto na maji yanamtiririka kwenye nywele. Anasema, “Shikamoo baba,” na ukanda uko bega la kulia. Kamera inamwonyesha baba akiitikia “Marahaba,” kisha inarudi kwa binti, na sasa nywele ni kavu. Hapa kuna madai mawili, na hayana nguvu sawa. La mkoba ni dhaifu, kwa sababu kama kati ya picha hizo palikuwa na mkato ambao ungempa binti nafasi ya kuuhamisha, mtetezi wa filamu atasema aliuhamisha tusipoona, na atakuwa na haki. La nywele halina utetezi, kwani hakuna nywele zinazokauka katika muda wa neno “Marahaba.” Jizoeze kuhesabu hivyo: kati ya picha hii na ile umepita muda gani ndani ya hadithi, na je, muda huo unatosha kwa badiliko lililotokea? Kama unatosha, nyamaza.

Hata filamu kubwa za Marekani hunaswa kwa hesabu hiyohiyo. Katika Pulp Fiction ya mwaka 1994 matundu ya risasi yanaonekana ukutani kabla kijana aliyejificha hajatoka na kufyatua bastola. Katika The Usual Suspects ya mwaka 1995 ndege inayotua ina injini 4 ikitazamwa upande mmoja, na 2 ikitazamwa upande mwingine.

Kivuli kinahitaji maelezo zaidi kidogo, maana ndicho shahidi ninayempenda kuliko wote. Mbeya iko takriban nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni jua la mchana huegemea kaskazini na vivuli huelekea kusini. Mlima Loleza uko kaskazini mwa mji. Basi filamu inayodai kuwa ni saa 6 mchana mwezi wa Juni, na Loleza unaonekana nyuma ya wahusika, inapaswa kuwa na vivuli vinavyokuja upande wa kamera. Mwezi wa Desemba hali hugeuka, kwa kuwa jua huwa limevuka kwenda kusini. Hata usipojua mwelekeo wowote, urefu wa kivuli unatosha: kivuli cha nguzo kikiwa kirefu mwanzoni mwa salamu na kifupi mwishoni mwake, watu hao wamesalimiana kwa saa 3.

Katika makosa ya ukweli, anza na yale ambayo wewe ni mwenyeji wake. Mtu wa nyanda za juu kusini hahitaji kitabu kujua kwamba msichana anayetoroka Iringa kwenda Mbeya kwa basi hapiti Kitonga. Kitonga iko kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, upande wa kwenda Dar es Salaam. Yeye atapita Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala na Uyole. Mwongozaji anayemwonyesha akichungulia makorongo ya Kitonga kupitia dirishani amependa mandhari kuliko ramani, na ninamwelewa, lakini kosa ni kosa.

Ukifika kwenye historia, fanya kazi ya kutafuta tarehe. Titanic ya mwaka 1997 inamwonyesha kijana akisimulia jinsi alivyovua samaki katika Ziwa Wissota, na meli yenyewe ilizama mwezi wa Aprili 1912. Ziwa hilo lilitokana na bwawa lililokamilika mwaka 1917. Mdai hahitaji kupaza sauti hapo, kwani miaka 5 inamtosha. Vivyo hivyo, ikitengenezwa filamu ya Majimaji, vita iliyopiganwa mwaka 1905 hadi 1907, na mfanyabiashara akalipwa kwa shilingi, hilo ni kosa, kwani fedha ya wakati huo wa Wajerumani ilikuwa rupia, na kuanzia mwaka 1904 rupia moja iligawanywa katika heller 100. Humo ndimo lilimotoka neno letu “hela.” Sasa hapa pana ubishi mtamu. Shujaa wa Mkwawa akisema “sina hela” katika filamu ya vita vya Lugalo, vilivyopiganwa mwezi wa Agosti 1891, je, tumshitaki kwa kutumia neno miaka 13 kabla ya sarafu yake? Mimi ningemwachia. Wahehe wa siku hizo walizungumza Kihehe, na Kiswahili tunachosikia kwenye filamu ni tafsiri inayofanywa kwa ajili yetu. Lakini akiitoa sarafu yenyewe mfukoni na kamera ikaionyesha, hapo nasimama.

Naandika haya nikijua kwamba nimewahi kusimama vibaya. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunaangalia filamu moja ya hapa nchini ambayo barua yake ilisomwa kwa sauti, na tarehe ikatajwa kuwa ya mwezi wa Julai. Muda mfupi baadaye steringi, yaani mhusika mkuu, alionekana akisukuma pikipiki kwenye tope, mvua ikimnyeshea. Nilisimama nikatangaza kosa. Julai, nikasema, Mbeya ni vumbi na baridi kavu. Mvua imekatika tangu Mei, na mahindi yanavunwa. Nilieleza vizuri, nikashangiliwa. Mama aliyekuwa akiuza chai mlangoni, mzaliwa wa Tukuyu, alingoja makelele yatulie.

“Mwanangu,” akasema, “umewahi kulala Tukuyu Julai? Nguo unaanika Jumatatu, Alhamisi bado mbichi. Angalia nyuma ya huyo kijana.”

Tukarudisha picha nyuma. Nyuma ya kijana kulikuwa na migomba iliyosongamana, na juu yake kilima chote cha chai. Rungwe, iliko Tukuyu, hunyesha karibu mwaka mzima, na kila mtu wa Mbeya anajua hivyo, nami nikiwemo. Nilikuwa nimeangalia kalenda nikasahau kuangalia mahali. Nilimjibu, “Nimekosea, mama,” na tangu siku hiyo ninapopata tarehe ya tukio, sifungui mdomo kabla sijajua limetokea wapi.

Mtego mwingine ni wa watazamaji wa Kiswahili hasa. Filamu nyingi zinatufikia zikiwa zimetafsiriwa na DJ, na makosa mengi tunayowabebesha wazungu ni ya huyo anayesimulia juu ya sauti zao. Saa ndiyo mbaya zaidi. Titanic iligonga barafu saa 5 na dakika 40 usiku, ikazama saa 8 na dakika 20 za usiku huohuo. Kwa hesabu ya Kiingereza ni 11:40 na 2:20. DJ akilichukua lile la pili kama lilivyo na kusema “saa 2 na dakika 20 usiku,” meli imezama kabla ya kugonga barafu, na kibanda kizima kitacheka kosa ambalo halimo kwenye filamu. Ndugu nao wanapotea hivyohivyo: Kiingereza kina neno moja kwa mjomba na baba mdogo, kwa hiyo mtu anaweza kuwa mjomba mwanzoni mwa filamu na baba mdogo mwishoni, bila kosa la mwandishi wake. Kabla ya kudai, sikiliza sauti ya chini ya DJ, au tafuta nakala isiyotafsiriwa.

Taja pia ni nakala ipi. Katika Raiders of the Lost Ark ya mwaka 1981 nyoka aina ya fira alionekana akijiakisi kwenye kioo kilichowekwa kumlinda mwigizaji, lakini katika matoleo ya baadaye taswira hiyo ya kioo ilifutwa kwa kompyuta. Mtaalamu wa anga Neil deGrasse Tyson alilalamika kwamba nyota zinazoonekana juu ya Titanic inapozama si za anga la usiku ule, na kwamba nusu moja ya anga hilo ilikuwa taswira iliyogeuzwa ya nusu nyingine. James Cameron alizirekebisha filamu ilipotolewa upya mwaka 2012. Watu wawili wanaweza kubishana hadi usiku wa manane juu ya nyoka au nyota hizo, na wote wawili wakawa wanasema kweli, kila mmoja kwa nakala yake.

Kinachobaki ni kutenganisha kosa na uamuzi, na hapa ndipo urafiki huvunjika. The Sound of Music ya mwaka 1965 inaimaliza hadithi yake kwa familia kupanda milima ya Salzburg kuelekea Uswisi. Uswisi iko mbali na hapo, na milima hiyo inapakana na Ujerumani waliyokuwa wakiikimbia. Familia halisi iliondoka kwa treni kwenda Italia. Mimi hilo naliita kosa, kwa sababu filamu inatutaka tuamini njia isiyowezekana. Katika Apollo 13 ya mwaka 1995, maneno mashuhuri ya mwanaanga yamebadilishwa: mwaka 1970 ilisemwa kwamba walikuwa wamepata tatizo, na filamu ikafanya iwe kwamba wana tatizo. Hilo naliita uamuzi, kwani limeongeza hofu bila kugeuza tukio. Na anayepinga The Last King of Scotland ya mwaka 2006 kwa hoja kwamba daktari kijana wa Idi Amin, Nicholas Garrigan, hakuwahi kuwapo, hajakamata chochote; mhusika huyo ni wa kubuni, na anatoka katika riwaya ambayo filamu ilitungwa kwayo.

Unapobisha, sema kwanza ulichokiona, kisha simamisha picha, kisha eleza kinachopingwa. Usianze na neno “uongo,” maana anayependa steringi huyo atalisikia kama tusi. Mpe mtetezi nafasi ya kutoa maelezo bora aliyonayo, na kama maelezo hayo yanawezekana ndani ya hadithi, dai lako limeanguka hata kama wewe unaliona zuri. Akikosa maelezo akakimbilia kusema “ni filamu tu,” usimfuate huko, amekubali.

Weka daftari. Andika jina la filamu, nakala, dakika, ulichoona na kinachopingwa, halafu acha mstari mmoja mtupu kwa ajili ya jibu la wabishi. Madai yaliyoshindwa usiyachane. Daftari langu linaanza na tope la Tukuyu, na katika mstari ule mtupu nimeandika: “Tazama migomba.”