Somo: Kutafuta vyanzo asilia vya historia, Unguja na Pemba

Chanzo asilia ni ushahidi uliotoka kwa watu walioishi wakati wenyewe: barua, faili, gazeti, kumbukumbu. Kabla hujapanda daladala kwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, jibu kwanza suali hili: katika jambo unalolitafiti, nani wakati ule alikuwa na sababu ya kuandika? Mtu aliandika kwa kuwa anadai, anadaiwa, anatoza ushuru, anaripoti kwa mkubwa wake au anagombana na mwenziwe gazetini. Ukishamjua mwandishi, karatasi zake utazifuata zilipo.

Tuchukue mgomo wa karafuu wa 1937 na 1938. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyokipa chama cha wakulima wa karafuu udhibiti wa biashara. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, chama cha Congress kule India kikawaunga mkono, na karafuu za Zanzibar zikakosa mnunuzi wake mkubwa mpaka yalipopatikana mapatano mwaka 1938.

Hatua ya 1: Orodhesha walioandika. Kwa mgomo huu: maofisa wa Sekretarieti (ofisi kuu ya serikali ya kikoloni), kwa faili zao, Wahindi, kwa gazeti la Samachar, wenye mashamba wa Kiarabu, kwa Al-Falaq, na serikali tena, kwa gazeti lake rasmi. Nani hayumo? Mchumaji. Aliyekwea mkarafuu, akashusha karafuu, akalipwa kwa pishi, hakuacha faili. Mwandike kwenye orodha hata hivyo, tutamrudia.

Hatua ya 2: Nenda Kilimani. Chukua barua ya utambulisho ya skuli au chuo chako, na uulize mapema kuhusu kibali cha utafiti. Beba kalamu ya risasi, wino uache nyumbani. Omba faharasa (orodha ya mafaili) kabla ya kuomba faili: karatasi za ubalozi mdogo wa Uingereza ziko chini ya alama AA, na faili za Sekretarieti chini ya AB. Faili likifika mezani, andika namba yake kamili kabla hujalifungua. Nukuu isiyo na namba huwezi kuirudia, na msimamizi wako hataikubali.

Hatua ya 3: Tafuta kwa lugha yao. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Faharasa nyingi ni za Kiingereza, na majina ya mahali yameandikwa kwa masikio ya Mwingereza. Wete mara nyingi utaikuta Weti. Ukitafuta madeni ya mashamba kwa neno rehani peke yake utakosa mengi, maana watu wengi, kwa kukwepa riba, walikopeshana kwa bei ya khiyari: shamba linauzwa, na muuzaji anabaki na haki ya kulikomboa. Mkopo huo kwenye karatasi unasomeka kama mauzo.

Halafu tarehe. Hati za Kiarabu, na za Kiswahili cha herufi za Kiarabu, hutumia mwaka wa Hijria. Kimbunga kilichoangusha mikarafuu ya Unguja Aprili 1872 kiko mwaka 1289. Nakili tarehe zote mbili, na usibadilishe kwa kukisia, kwani mwaka mmoja wa Hijria kwa kawaida huangukia miaka miwili ya Miladi.

Hatua ya 4: Fungua sanduku la nyumbani. Hati za mashamba, za wakfu, barua za mirathi. Piga picha hapo hapo mbele ya mwenyewe, na karatasi ibaki kwake. Usiipige plastiki, tafadhali sana.

Hatua ya 5: Wazee. Sasa tumrudie mchumaji. Aliyekuwa mtu mzima mwaka 1937 hatunaye tena, lakini wanawe wapo. Omba idhini, kisha uliza vitu vidogo: pishi ililipwa kiasi gani, makonyo (vikonyo vya karafuu) yalikwenda wapi, nani alipika kambini. Ukiuliza "mgomo ulikuwaje?" utapata hotuba.

Masuali ya wanachama

*Maalim, niko Chake Chake na nauli ya boti sina. Nifanyeje?*
Anza na hatua ya 4 na ya 5, hazihitaji boti. Pita kwenye makumbusho ya ngome kongwe hapo hapo mjini. Kisha tafuta bure kwenye katalogi ya mtandaoni ya Nyaraka za Taifa za Uingereza: mfululizo FO 107 (Wizara ya Mambo ya Nje), na CO 618 kwa miaka ya baada ya 1913, Zanzibar ilipohamishiwa Wizara ya Makoloni. Ukija Unguja uwe unajua unachokitaka.

*Kumbukumbu za Bibi Salme ni chanzo asilia?*
Kwa maisha ya ndani ya jumba la Mtoni, ndiyo: alikuwa binti wa Sultani Said, akazaliwa humo na kuishi humo miaka yake ya mwanzo. Ila zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, miaka 20 baada ya kuondoka kwake, kwa wasomaji wa Kijerumani. Kwa mikataba ya kibiashara ya babake, nenda kwenye mikataba yenyewe.

*Bibi yangu anasema kinyume na faili la ofisa wa wilaya. Nimwamini nani?*
Mwanangu, usiwe kadhi. Andika kauli zote mbili, na useme kila mmoja alikuwa wapi na alikuwa na haja gani. Ofisa huenda alitaka wilaya yake ionekane imetulia. Bibi naye ana ukoo wa kuulinda. Tofauti yao inaweza kuwa ndiyo sura nzuri kuliko zote katika kazi yako.

*Nimetumiwa WhatsApp picha ya barua ya zamani, nzuri mno. Naweza kuitumia?*
Muulize aliyekutumia ameipata wapi, na huyo naye aulizwe, mpaka mfike kwa aliyeishika karatasi kwa mkono. Mkikwama njiani, iache nje ya tasnifu.